Moto Uliopimwa na Moto Uliopo: Historia ya Blanketi la Kibondo na Kasulu

Watu wengi wakitajiwa Kigoma hufikiria joto la ufuko wa Ziwa Tanganyika, dagaa na michikichi. Aliyepanda kutoka Kigoma mjini hadi Kasulu, kisha akaendelea kaskazini mpaka Kibondo, anaijua Kigoma nyingine: nchi ya vilima, yenye mwinuko wa mita 1,200 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai humlazimisha mtu kutafuta kitu kizito cha kujifunika. Nyanda hizi zimepokea pia, tangu mwaka 1993, malori kwa malori ya mablanketi ya msaada. Mengine yalibaki kambini, mengine yakauzwa vijijini kwa unga, chumvi na sabuni, na mengine bado yametandikwa katika nyumba za wenyeji ambao hawajawahi kuwa wakimbizi.

Makala hii inahusu jambo moja tu la mablanketi hayo, nalo ni jinsi yanavyowaka. Nimechagua jambo hilo kwa sababu ndani yake mna historia ya uamuzi ambao haukufanywa na mtu yeyote wa Kibondo wala Kasulu. Kwa karibu miaka mia tatu wataalamu wamejua namna ya kukifanya kitambaa kisishike moto kwa urahisi. Ujuzi huo umetumika kwenye mapazia ya majumba ya michezo, kwenye nguo za kulalia za watoto wa Ulaya na Marekani, na kwenye viti vya ndege. Swali langu ni kwa nini ulipofika kwenye blanketi la mkimbizi ulifika umepungua, na kwa nini hata pale ulipofika, ulipimwa kwa moto usiokuwa moto wa hapa.

Tuanze kabla ya blanketi. Nyumba ya kale ya Waha ilikuwa msonge wa miti na nyasi, na moto ukikaa ndani. Watu walilala karibu nao, na mavazi yao yalikuwa ngozi za wanyama na nguo za gome la mti. Ngozi ya mbuzi ni protini, kama ilivyo sufu na kama zilivyo nywele zetu. Ikiguswa na kaa hukunjamana, hunuka na huungua pale ilipoguswa, lakini haiupokei mwali na kuukimbiza mpaka upande wa pili. Nyumba yenyewe iliweza kuteketea kwa cheche moja, ila vazi la mtu halikuwa la kwanza kushika moto.

Misafara ya karne ya 19 iliyopitia Ujiji ilileta merikani na kaniki, yaani pamba, na pamba huwaka upesi. Kisha ikaja reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na baada yake safari ndefu za manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Vijana wa Buha waliokwenda huko kwa mikataba walirudi na fedha kidogo na vitu vya dukani, blanketi likiwa miongoni mwavyo. Ndivyo blanketi lilivyoingia katika nyumba ambayo moto wake ulikuwa bado unakaa katikati ya chumba.

Hapa inabidi nimwombe msomaji uvumilivu kidogo kwa ajili ya kemia, maana bila hiyo mambo yanayofuata hayaeleweki. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Sufu halisi huhitaji hewa yenye oksijeni karibu asilimia 25 ili iendelee kuwaka yenyewe, hivyo katika hewa ya kawaida mwali ukiondolewa sufu huelekea kuzimika. Ina naitrojeni nyingi, ina salfa, na hubeba unyevu mwingi ndani ya nyuzi zake; haishiki moto mpaka joto lipite nyuzi 550 hivi za Selsiasi. Inapoungua haiyeyuki. Huvimba na kuwa mkaa mwepesi unaopondeka kwa vidole. Poliesta huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 255, nailoni hali kadhalika kulingana na aina yake, na akriliki, ile nyuzi laini iliyotengenezwa kuiga sufu, huwaka katika hewa yenye oksijeni asilimia 18 tu. Kwa maneno mengine, akriliki inawaka kwa urahisi sawa na pamba, na juu ya hapo inayeyuka na kung'ang'ania ngozi ya mtu.

Mtu angedhani kwamba ukichanganya sufu na poliesta nusu kwa nusu utapata kitambaa chenye tabia ya katikati. Mara nyingi haiwi hivyo. Poliesta ikiwa peke yake huyeyuka na kudondoka, na wakati mwingine matone hayo huondoka na mwali wenyewe, kitambaa kikabaki na tundu. Ikichanganywa na nyuzi zisizoyeyuka, matone hayana pa kwenda: mkaa wa zile nyuzi nyingine huyashika, huyanyonya na kuyalisha kwenye mwali. Kila aliyekulia kwenye nyumba ya kibatari anaufahamu mpango huo. Mkaa ni utambi, plastiki iliyoyeyuka ni mafuta ya taa. Jambo hili linajulikana zaidi katika mchanganyiko wa pamba na poliesta, lakini hata sufu ikichanganywa na nyuzi za viwandani kwa wingi hupoteza sehemu kubwa ya sifa yake ya kujizima.

Blanketi la msaada lililozoeleka miaka ya 1990 lilikuwa mchanganyiko wa namna hiyo hasa. Vipimo vya mashirika, likiwamo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), vilieleza blanketi la kufumwa la sentimita 150 kwa 200, lililochanwa pande zote mbili ili litoe manyoya, lenye sufu isiyopungua asilimia 30, na kwa aina nyingine asilimia 50. Asilimia zilizobaki zingeweza kuwa nyuzi nyingine yoyote. Na ile sufu haikuwa ya kondoo aliyenyolewa mwaka ule.

Mwaka 1813, katika mji wa Batley, Yorkshire, mtu aitwaye Benjamin Law alifanikiwa kuchana matambara ya sufu yakarudi kuwa nyuzi, akazichanganya na sufu mpya na kufuma nguo. Nguo hiyo iliitwa shodi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani sare za shodi zilichanika miilini mwa askari, na tangu hapo neno hilo kwa Kiingereza likawa na maana ya kitu cha ovyo. Biashara yenyewe haikufa, ilihama. Ilikwenda Prato nchini Italia, na baadaye ikapata makao makubwa Panipat, mji wa jimbo la Haryana kaskazini mwa Delhi, ambao kwa miongo kadhaa ulikuwa miongoni mwa wauzaji wakuu wa mablanketi ya msaada duniani. Nguo zilizotupwa Ulaya na Amerika Kaskazini ziliingia India zikiwa zimekatwakatwa ili zisiuzwe kama mavazi. Wanawake walizitenga kwa rangi, wakatoa vifungo na zipu, kisha mashine ikazirarua. Mkazi wa Kasulu anayenunua sweta la mtumba siku ya gulio na mkimbizi wa Nyarugusu aliyepewa blanketi la kijivu huenda wote wawili wamevaa sehemu za rundo moja la nguo kuukuu. Iliyokuwa nzima ikaja sokoni kwetu, iliyochakaa ikapitia Panipat.

Sasa jiulize ni nini kilichomo katika sweta la Ulaya la miaka ya 1980. Sufu imo, na akriliki, nailoni na poliesta, kwa viwango ambavyo hata mfanyakazi mzoefu hawezi kuvikisia kwa kugusa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na nadhani ndiyo kubwa, iliyofanya blanketi hili lipitwe na historia ya dawa za kukinza moto: dawa hutaka kujua inatibu nyuzi gani.

Historia hiyo ni ndefu. Mwaka 1735 Mwingereza Obadiah Wyld alipata hataza ya mchanganyiko wa shabu, boraksi na chumvi ya chuma wa kuzuia turubai na vitambaa visiwake. Mwaka 1821 mkemia Mfaransa Gay-Lussac, aliyeagizwa na Mfalme Louis XVIII kutafuta njia ya kulinda vitambaa vya majumba ya michezo ya kuigiza, alichapisha matokeo yake: fosfati ya amonia pamoja na boraksi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi za mimea. Kanuni hiyo ya fosforasi inatumika mpaka leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walihangaishwa na vifo vya watoto waliovaa nguo za kulalia za pamba yenye manyoya, iliyokuwa rahisi kuliko sufu, na mkemia William Perkin akatengeneza njia ya kuitibu kwa chumvi za bati. Angalia mfuatano wa walengwa: kwanza wenda tamthilia, kisha watoto wa maskini wa mijini katika nchi tajiri. Zamu ya wengine ilikuwa bado.

Miaka ya mwanzo ya 1970, kwenye maabara ya Sekretarieti ya Kimataifa ya Sufu mjini Ilkley, Uingereza, Ladislav Benisek alitengeneza tiba iliyoitwa Zirpro. Sufu hutumbukizwa katika maji yenye tindikali na chumvi za zirkoni au titani, na kwa kuwa katika hali hiyo sufu ina chaji chanya na chumvi hizo zina chaji hasi, hushikana. Kitambaa kikiungua, mkaa wake huwa mzito na mgumu zaidi, nao huzuia mwali usipite. Zirpro hufanya kazi kwenye sufu tupu, au sufu iliyochanganywa na nyuzi za viwandani kwa sehemu ndogo tu. Ndiyo maana viti vingi vya ndege vilivalishwa kitambaa cha sufu karibu asilimia 90 na nailoni karibu asilimia 10 kilichotibiwa hivyo. Baada ya moto ndani ya ndege ya Air Canada mwaka 1983, ulioua abiria 23, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa mwaka 1984 kanuni kali zaidi za viti. Afisa wa misaada aliyeruka kutoka Geneva hadi Nairobi katika miaka ya 1990 huenda alikalia mchanganyiko wa sufu na plastiki uliotibiwa kwa uangalifu mkubwa, akienda kusimamia ugawaji wa mchanganyiko wa sufu na plastiki ambao haukutibiwa. Sisemi hivi kumlaumu. Ndege ina mamlaka inayoweza kuizuia isiruke. Blanketi halina.

Kwa poliesta dawa ni nyingine: fosforasi inayoingizwa ndani ya nyuzi zenyewe kiwandani, au misombo ya bromini ikisaidiwa na antimoni na kupakwa nyuma ya kitambaa. Akriliki ya kawaida haitibiki vizuri, na wanaotaka usalama hununua nyuzi ya jamii yake iliyobadilishwa tangu mwanzo. Kitambaa cha mchanganyiko kinahitaji ama dawa mbili zisizogombana ama nyuzi ya kiwandani ambayo tayari inakinza moto. Shodi ya Panipat, yenye kila kitu ndani yake, haikuwa na dawa ya bei ya zabuni ya dharura.

Turudi Kigoma. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na maelfu kwa maelfu ya Warundi wakavuka mpaka kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara. Mwaka uliofuata yakaja mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mwaka 1996 vita vya Zaire vikaleta Wakongo, ambao kwa ajili yao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu. Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu. Mtendeli, Nduta, Kanembwa, Karago na Mkugwa upande wa Kibondo ya wakati ule: majina hayo yamo katika kumbukumbu za kila mtumishi wa serikali aliyehudumu mkoani humo. Nyingi zilifungwa kadiri Warundi walivyorejea, Mtabila ikiwa mwishoni mwa 2012. Kisha Aprili 2015 Pierre Nkurunziza akatangaza kuwania muhula wa tatu, watu wakamiminika Kagunga, wakabebwa na MV Liemba, na ndani ya miezi michache Nyarugusu, iliyopangwa kwa watu 50,000 hivi, ikawa na zaidi ya 150,000. Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015, Mtendeli Januari 2016.

Katika kila wimbi familia ilipewa kitu cha kuishi ndani yake na kitu cha kujifunika. Makao yalikuwa turubai la plastiki juu ya miti, au hema. Chakula kilipikwa kwa kuni kwenye mafiga. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwafunga watu kambini, na kibali kilihitajika kwenda zaidi ya kilomita nne, kwa hiyo kuni zilikuwa za mbali, za taabu na mara nyingi mbichi. Mvua za Kigoma huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei. Mwezi kama Novemba mama hawezi kupika nje kila siku. Mafiga yakaingia ndani au mlangoni. Na blanketi, ambalo katika mchoro wa mpangaji wa makao liko kitandani usiku tu, likawa pazia la mlango, ukuta wa kumtenga mgonjwa, mkeka wa mtoto anayetambaa, na vazi la mgongoni alfajiri wakati wa kuchochea moto. Hapo ndipo penye hatari. Blanketi lililolazwa chini ya mtu halipati hewa. Likining'inizwa wima, mwali hulipanda.

Hema lilifikiriwa mapema kuliko blanketi, na sababu zake zinajulikana. Tarehe 6 Julai 1944 hema la sarakasi liliwaka mjini Hartford, Marekani, likaua watu zaidi ya 160. Turubai lake lilikuwa limepakwa nta iliyoyeyushwa kwa petroli ili lisipitishe mvua. Tarehe 15 Aprili 1997 moto uliteketeza mahema ya mahujaji huko Mina na kuua zaidi ya 340, na Saudi Arabia ikaamua kuweka mahema ya nyuzi za kioo yasiyowaka. Mahujaji wetu wa leo hulala ndani ya uamuzi huo. Hema la familia linalotumiwa kwa pamoja na UNHCR na mashirika ya Msalaba Mwekundu ni la mchanganyiko wa pamba na poliesta, na vipimo vyake siku hizi vinataka turubai lifaulu jaribio liitwalo CPAI-84, lililoandikwa na chama cha watengenezaji wa turubai wa Marekani katika miaka ya 1970. Ni hatua halisi na ninaipongeza. Hata hivyo kufaulu jaribio hilo si kutowaka. Maana yake ni kwamba kipande cha turubai, mwali mdogo ukiondolewa, kitazimika upesi na hakitaungua kupita urefu fulani. Na hema lililoundwa kudumu kama mwaka mmoja likikaliwa mitatu chini ya jua na mvua za Kibondo, dawa yake haibaki ilivyokuwa siku lilipofunguliwa.

Blanketi nalo likapata jaribio lake. Katalogi za mashirika zilianza kutaja ISO 12952, kiwango cha kimataifa cha vitu vya kitandani. Jaribio hilo linaanza na sigara inayofuka iliyowekwa juu ya kitambaa, na sehemu nyingine yake hutumia mwali mdogo ulio sawa na wa njiti ya kiberiti. Hapa msomaji aone jinsi kipimo kinavyobeba nchi yake ya kuzaliwa. Ulaya na Marekani ya katikati ya karne ya 20 ilikuwa na tatizo kubwa la watu kusinzia na sigara mkononi. Marekani ilitoa kanuni ya magodoro dhidi ya sigara katika miaka ya mwanzo ya 1970. Kipimo kilitoka kwenye vifo vya kweli, lakini ni vifo vya kwao. Katika banda la Nduta hatari ni kaa la ukubwa wa ngumi lililoporomoka kutoka kwenye mafiga, uji uliofurika na mtu akaruka nyuma, kibatari kilichopinduliwa na mtoto. Moto wa kibatari kilichomwaga mafuta ni mkubwa mara nyingi kuliko njiti ya kiberiti. Blanketi linaweza kuwa na cheti safi na bado lisiwe limewahi kupimwa kwa moto litakaokutana nao.

Wakati huohuo blanketi lenyewe lilibadilika. Katika miaka ya 2010 viwanda, Panipat ikiwamo, viliacha shodi pole pole na kuhamia poliesta tupu yenye manyoya laini. Ni jepesi, hukauka haraka, halinuki likilowa, na kwa uzito uleule hutunza joto zaidi. Mtu aliyewahi kufua blanketi la shodi mtoni hatataka nimshawishi arudi huko. Tena kwa kuwa limeundwa kwa nyuzi ya aina moja, kwa mara ya kwanza tangu kambi hizi zianze, blanketi la msaada linaweza kutibiwa kikamilifu, kwani mgonjwa sasa anajulikana. Kilichobaki ni bei, na nani wa kuidai.

Lakini nisiandike kana kwamba dawa ni jibu lisilo na gharama. Mwaka 1977 Marekani ilipiga marufuku dawa ya jamii ya fosfati yenye bromini, iliyojulikana kwa ufupi kama Tris, katika nguo za kulalia za watoto, baada ya wanasayansi, Arlene Blum na Bruce Ames wakiwa miongoni mwao, kuonyesha kwamba inabadilisha vinasaba. Watoto walikuwa wameivaa kwa miaka kadhaa kwa amri ya kanuni iliyokusudia kuwaokoa. Misombo mingine ya bromini ikaingizwa moja baada ya nyingine katika Mkataba wa Stockholm kuanzia 2009, na ile iliyotumika sana kupaka nyuma ya vitambaa ikaingizwa mwaka 2017. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Blanketi la kambini hutafunwa na mtoto, hufuliwa kwenye chanzo cha maji ambacho kijiji kizima hunywa, na likichakaa huchomwa jalalani. Kulipaka bromini ingekuwa kuhamisha madhara kutoka kwenye moto kwenda kwenye maji. Njia ya fosforasi iliyofungwa ndani ya nyuzi ina unafuu, kwani haichujuki kwa kufua. Sabuni ya mche katika maji magumu, kwa upande wake, huacha utando juu ya kitambaa kilichotibiwa, na utando huo wenyewe huwaka. Mafundi wa nguo za zimamoto wanalijua hilo, ila sijaona likiandikwa kwenye karatasi iliyoambatanishwa na robota la msaada.

Wapo watakaosema kwamba hili ni suala la UNHCR, na kwamba Mtendeli yenyewe ilifungwa mwaka 2021 na Warundi wanarudi kwao. Sikubaliani nao. Blanketi lilelile, kutoka kwa wauzaji walewale au wa jamii yao, linanunuliwa kwa ajili ya hospitali za wilaya, magereza na mabweni. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa bwenini Idodi, Iringa, katika moto ulioelezwa kuanza na mshumaa. Baada ya kila msiba tulijadili milango, nondo za madirisha na nidhamu ya wanafunzi, na mijadala hiyo ilikuwa ya lazima. Godoro la sponji na blanketi vilivyolisha moto havikupata mjadala wa uzito huo. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu 1975. Zabuni za umma hutaja ukubwa, uzito na rangi. Afisa ununuzi anayesoma hapa anaweza kuongeza mistari miwili katika jedwali la vipimo: kwamba muuzaji ataje nyuzi zilizomo kwa asilimia na si kwa neno «mchanganyiko», na kwamba alete cheti cha jaribio la mwali, kitambaa kikiwa kimening'inizwa wima baada ya kufuliwa idadi inayotajwa, pamoja na jina la dawa iliyotumika. Bei itapanda kidogo. Kamati ya zabuni itauliza kwa nini, naye atakuwa na la kujibu.

Kwa wasio na maabara ipo njia ya zamani ambayo wauza mitumba huijua, na inafaa ifanywe nje, mbali na watoto. Uzi mmoja uchomolewe pindoni mwa blanketi, ushikwe kwa koleo na kuguswa na njiti ya kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua, ukazimika, na mabaki yake yakapondeka kuwa majivu meusi, hiyo ni sufu. Ukijikunja kuukimbia moto, ukaacha tone gumu lisilopondeka, hiyo ni plastiki. Katika yale mablanketi ya kijivu ya miaka ya 1990, ambayo bado yanaonekana yametandikwa juu ya magunia ya maharage huko Kasulu, uzi mmoja hutoa yote mawili: harufu ya nywele, na tone.